Pete Chini ya Friji

Baba Pacha na wanangu,

Pete yangu imepatikana! Asubuhi hii nimesogeza friji nifagie, nikaiona kwenye vumbi. Nimepiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Kila mtu aoshe sahani yake akishakula. Jiko lifutwe kabla madoa hayajakauka. Baba Pacha, anika taulo lako, kitanda si kamba.

~~Shangazi yenu asijue.~~ Nimekwenda mwenyewe kumwomba radhi shangazi yenu. Miezi mitatu nimemnunia bure nikidhani kaichukua yeye.

Halafu msinicheke. Ratiba ya usafi niliibandika mwenyewe ukutani: chini ya friji pafagiliwe kila Jumamosi. Nikiwafokea tena kuhusu zamu zenu, niulizeni tu pete ilikuwa wapi.

Mama, mwenye zamu ya friji