Mabakuli ya Watu

Dada Raya,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya jiko lako, nina furaha kukutangazia kwamba mdogo wako Omari, mshona kanzu wa Tibirinzi, sasa anajua kukuna nazi. Hafla ilifanyika uani mchana wa Ramadhani. Wahudhuriaji walikuwa kuku wa Bi Time, waliopenyea uani kama kawaida yao. Mgeni rasmi alikuwa yule mbuzi wako wa mbao, naye alinikwaruza kidole gumba kabla hata sijamaliza bismillahi.

Usicheke. Najua unacheka. Ulikuwa ukisema mimi nikikaa juu ya mbuzi nafanana na ngamia aliyelazimishwa kupanda baiskeli, na ukinifukuza jikoni kwa mwiko. Sasa hakuna wa kunifukuza. Nakaa nitakavyo, magoti yakigusa kidevu, na machicha yakinirukia ndevuni hayaonekani tena, maana ndevu zenyewe zimeanza mvi. Upande mmoja tu, dada. Upande wa pili nadhani unasubiri ruhusa.

Miaka thelathini na sita si uzee, najua. Lakini kila kitu kimeamua kubadilika kwa pamoja. Nimenunua miwani. Uliniambia ninunue, nikakujibu kwamba macho yangu ni mazima, ni sindano za siku hizi ndizo zenye matundu madogo. Ukachukua uzi, ukaulowesha kwa ulimi, ukautia kwenye tundu mara moja, wewe uliyenilea mimi, ukanirudishia sindano. Siku hizi natia uzi mwenyewe, kwa miwani. Nikifanikiwa naangalia mlangoni kama kuna aliyeona.

Nalala baada tu ya tarawehe, na mgongo unaniuma kabla sijafika kwenye mifuko ya kanzu. Nimejua kwamba jiki ya kung'arishia nguo nyeupe haitiwi kwenye nguo za rangi. Hili nimelijua kwa gharama ya lile shati langu la buluu ulilolipenda; kwa sasa lina mawingu.

Sasa nikueleze habari ya mabakuli.

Unakumbuka ulifariki Ramadhani ikiwa mlangoni. Khitma ikasomwa, Kaka Seif akarudi Unguja kwenye duka lake, shangazi zetu wakarudi Micheweni, mimi nikabaki na nyumba. Futari ya kwanza, hata adhana haijalia, pazia la mlangoni likafunuliwa. Bi Time, na bakuli la tambi. Nyuma yake mjukuu wa Mzee Faki, na uji wa pilipili manga. Kesho yake wengine. Mtaa mzima ulinilisha mwezi ule, dada. Nilikula vyakula vya watu nikiwa nimekaa peke yangu kwenye mkeka tuliokuwa tukikaa wawili, na sikujua hata ladha yake.

Mabakuli nikayaosha. Nikayapanga kwenye kabati lako la vyombo, kila moja na alama yake: la Bi Time lina tone la rangi ya kucha nyekundu kwenye kitako, la kwa Mzee Faki limefungwa uzi wa kijani kwenye mkono. Yakabaki pale. Ningeyarudishaje? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba bakuli la jirani haliendi mlangoni kwake tupu. Hata kama ndani kuna embe moja, hata kama ni vipande vya muhogo wa kuchoma, lakini si tupu. Na mimi nilikuwa najua kupika chai, na hiyo chai uliwahi kuniuliza kama ni ya kunywa au ya kuoshea miguu.

Ningeweza kununua kitu sokoni nikakitia. Nilifikiri hivyo. Kisha nikaona haya kupeleka cha dukani kwa mtu aliyenitolea jasho jikoni kwake. Nikasema nitajifunza kidogo, halafu nitarudisha. Mwezi ukaisha, Sikukuu ikapita, karafuu zikachumwa zikaanikwa mpaka barabara ya Ole ikanukia, na mabakuli ya watu yakawa yananitazama kila nikifungua kabati kutafuta kikombe.

Na wao, dada, wakaacha kuleta. Si kwa ubaya. Unajua ilivyo: ukimpelekea mtu bakuli la pili naye hajarudisha la kwanza, ni kama unamdai. Wakaogopa kunitia haya. Mimi nikaona hawaleti tena, nikasema basi, wamenichoka. Nikikutana na Bi Time njiani namwamkia haraka haraka, macho chini, kama niliyeiba. Yeye akasema, nimekuja kusikia baadaye, kwamba mtoto wa watu ana huzuni yake, tumwache apumue. Wakaniacha nipumue. Nikapumua mwaka mzima, na nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nazungumza na cherehani.

Ndipo Kaka Seif akapiga simu. Ana chumba nyuma ya duka, ana wateja wa kanzu, ana kiyoyozi. Akasema nyumba ya Tibirinzi tuipangishe, nyumba si kaburi, Omari, huwezi kukaa humo ukimsubiri mtu. Tangu ndoa yangu ilipovunjika nikaja kwako na begi na cherehani, sikuwahi kukaa mahali ambapo hakuna anayeniuliza kama nimekula, mpaka ulipoondoka. Nikamwambia nakuja. Ramadhani hii hii, nikasema, nishone kanzu za Sikukuu huko huko.

Lakini sikuweza kuondoka na vyombo vya watu kabatini. Hapo ndipo nilipokuna nazi.

Nilipika muhogo wa nazi. Tui zito nikalitia mwanzo badala ya mwisho, nikaliacha lichemke kwa nguvu, likakatika, mafuta huku, maji kule, na katikati muhogo umesimama kama mtu aliyekosa boti. Nikautia kwenye mabakuli vivyo hivyo, nikafunika, nikapita nyumba kwa nyumba kabla ya magharibi. Nilikuwa nabisha hodi, nampa anayefungua, naondoka kabla hajafunua. Kwa Mzee Faki nilimpa mjukuu wake, nikageuka hapo hapo.

Bi Time nilimwacha wa mwisho. Alikuwa barazani anachambua mchele. Akalipokea bakuli, akaligeuza akaangalia kitako, akaona tone lake la rangi. Akafunua. Akautazama ule muhogo muda mrefu.

"Huu muhogo umegombana na nazi?" akauliza.

Nikasema ndiyo kwanza najifunza, Bi Time. Nikasema pia kwamba kesho asubuhi nakwenda Unguja, kumsalimia tu Kaka Seif. Akaendelea kuchambua mchele. Akasema mtu anayekwenda kusalimia hafungi cherehani kwa kamba. Alikuwa ameiona dirishani alipofuata kuku wake. Akasogea kidogo kwenye mkeka, akapapasa pale alipopaacha.

"Kaa."

Nikamwambia nina kanzu za watu.

"Haya, mwanangu. Bakuli limerudi. Wewe ndo hujarudi."

Nikaondoka nikijifanya sikusikia.

Sasa, hapa mtaani kuna hadithi yake, na mimi mwenyewe ndiye niliyeieneza. Kesho yake magharibi lile bakuli lenye tone jekundu lilikuja tena, na mkate wa kumimina ndani. Nyuma yake la kwa Mzee Faki, nyuma yake mengine. Nikiwaambia watu kinyozini kwa nini sikwenda Unguja, nasema nilizuiwa na mabakuli: kila nikirudisha moja yanakuja mawili, nami sitoki Pemba mpaka niwe nimemaliza kurudisha, yaani sitoki. Wanacheka. Mzee Faki amesema muhogo wangu ni kafara ya mtaa. Hadithi nzuri. Tatizo lake ni kwamba jioni ile mabakuli yalinikuta nimesharudi.

Wewe nitakwambia ilivyokuwa.

Nilikwenda, dada. Asubuhi ile nilifunga kufuli, nikapanda gari mpaka bandari ya Mkoani, na begi langu na cherehani. Tiketi nilikuwa nayo. Nilikaa kwenye benchi nikisubiri boti, na pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa makamo, ana kikapu, anakwenda kumtazama binti yake aliyejifungua. Tukaamkiana. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tibirinzi, Chake Chake. Akaniuliza, kama watu wanavyouliza, nyumbani nimemwacha nani.

Nikamwambia, "Nimemwacha dada."

Lilitoka lenyewe. Sikusema uongo, mdomo wangu haujajua kusema vingine. Yule bibi akasema afadhali, nyumba yenye mtu ndani haimpi msafiri wasiwasi. Akaendelea kunieleza habari za mjukuu wake. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa begi. Watu wakaanza kupanga mstari. Akaniambia twende baba, boti haitusubiri. Nikamwambia atangulie.

Sikurudi kwa ushujaa wala kwa kumpenda mtu yeyote wa Tibirinzi. Nilirudi kwa sababu nilishamwambia mtu kwamba upo nyumbani, na nikaona siwezi kukuacha peke yako.

Nikafika mchana. Nikafungua kufuli, nikasukuma mlango, nikasema hodi kama tulivyozoea hata kwenye nyumba yetu wenyewe. Nikasimama kizingitini na begi mkononi, nikingoja. Dada, nilisimama kwa muda. Cherehani ilikuwa nzito begani na sikuitua. Nilikuwa nangoja kweli.

Hukuitika.

Siku zote hizo, maziko, khitma, mwaka mzima, nadhani sikuwa nimejua. Nilijua kwa kichwa. Pale mlangoni ndipo nilipojua, nikakaa chini palepale kwenye kizingiti nikalia kama mtoto, na kuku wa Bi Time wakinipita kuingia ndani. Nilipomaliza nikanawa uso, nikaingia, nikajiitikia mwenyewe: karibu. Sauti yangu ilikuwa mbaya, lakini ilijaza chumba.

Bi Time alikuwa ananiona, nadhani, kutoka barazani kwake. Hakuja. Hakuniuliza kitu hata leo. Nilimwambia nilikwenda Mkoani kununua uzi, akasema, "Uzi wa Mkoani ni mzuri." Ule mkate wa kumimina aliuleta jioni ile ile, na mimi niliula peke yangu kwenye mkeka, na safari hii ladha yake niliijua. Alizidisha iliki.

Basi pumzika, dada yangu. Mola akupe nafasi huko uliko na akuangazie. Mimi sitakuita tena mlangoni. Nitakuombea, na kukuombea ndiko nitakakokuita. Nyumba sitaipangisha, Kaka Seif nimemwambia, amenuna na atakunjuka. Na kesho nikimpelekea Bi Time bakuli lake, akisogea kwenye mkeka akaniambia nikae, sitasema nina kanzu za watu. Nakuahidi hili moja tu, kwa sababu ndilo zito kuliko yote: nitavua viatu, nitakaa.

Mdogo wako,
Omari