Alama Chini ya Chungu

Wodi ya Wanaume,
Hospitalini, Kitale.
Jumatatu, 15 Julai 1991.

Kwa dada yangu mpendwa Nakhumicha,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji, na kila anayeota moto jikoni mwako. Natumaini mvua ya mawe iliyopita huku haikufika Kamukuywa, na kwamba yule ng'ombe mwekundu ameacha ukaidi wake wa kupiga ndoo mateke. Mimi nikikuambia ni mzima nitakuwa nimekudanganya, na nimeapa barua hii haitakuwa na uongo hata mmoja. Leo ni siku yangu ya tisa kitandani.

Kabla hujasoma mstari mwingine, dada, nakuomba jambo moja. Kile chungu cha rangi ya asali nilichokuletea Aprili, kitoe jikoni sasa hivi. Maziwa yaliyomo yamwage shimoni, mahali ambapo kuku na mbwa hawafiki. Usimpe mwanao Wekoye hata tone. Usikivunje; mpe huyu Kemboi aliyekuletea barua. Ni mwenzangu kazini, nitamwagiza asinywe hata chai kwako mpaka amekifunga kwenye gunia. Ukimaliza hayo, keti usome, kwa sababu haya mengine sikuweza kumtuma mtu ayaseme kwa mdomo wake.

Utauona mwandiko wangu umelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Mkono wa kulia umelegea kwenye kifundo. Vidole vinashika kalamu, lakini nikiuinua mkono unaanguka wenyewe. Nesi amenipa kibao niulaze juu yake ndipo niandike. Majibu ya damu yangu yamefika kutoka Nairobi leo saa nne asubuhi, na Kemboi anakuja saa saba, saa ya kuona wagonjwa. Nina saa tatu tu.

Kazi yangu unaijua: fundi wa karakana ya sanaa hapa chuoni. Wanafunzi wanachora, wanafinyanga, wanapaka rangi mapazia na kuta za mbao za jukwaa la maigizo, nami nawachanganyia udongo na rangi na kuwasha tanuri. Jambo ambalo sijawahi kukuandikia ni hewa ya mle ndani. Madirisha yalipigiliwa misumari mwaka juzi baada ya wezi kuiba makopo ya rangi. Tanuri likiwaka na rangi ikipakwa siku moja, macho yanawaka na kifua kinabana. Mafundi wa zamani walituachia dawa yao: maziwa. Walisema maziwa huosha kifua, yanabeba ile sumu yote chini na kuitoa. Basi kila siku saa kumi Kemboi alileta maziwa lala, tukanywa, tukapangusa midomo, tukarudi ndani kwenye moshi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kung'oa msumari mmoja.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, unga wa kung'arisha vyungu, ule unaoyeyuka motoni ukawa kama kioo juu ya udongo, ulituishia. Tuliagiza Nairobi, hatukujibiwa. Nao wanafunzi walikuwa na mchezo wa kuigiza wa kupeleka mashindanoni, na katika mchezo huo kulihitajika chungu kitakachong'aa kwenye taa mpaka mtu wa kiti cha nyuma akione. Mchomeleaji mmoja wa Matisi akaniambia ati si nichukue sahani za ndani ya betri kuukuu za gari, nizichome, nizisage, nipake. Nilizisaga kwa mikono yangu, bila kitambaa puani, kwa siku nne. Vyungu vilipotoka tanurini, dada, nilicheka peke yangu. Vilikuwa na rangi ya asali na vinang'aa mpaka unaona meno yako.

Nilitengeneza kumi na viwili. Kimoja kilikwenda jukwaani. Kimoja tulikiweka karakanani kwa maziwa yetu ya saa kumi. Kimoja ni hicho chako.

Sasa nikueleze habari za Cheptoo. Ni msichana wa mwaka wa pili, kwao ni huko juu mlimani Elgon, mwenye sauti inayojaza ukumbi. Yeye ndiye aliyeigiza mama wa nyumba, na katika kila zoezi alikunywa kutoka kile chungu, si kwa kujifanya bali maziwa lala kwelikweli, kwa kuwa mwelekezi wa mchezo alitaka watu waone koo likimeza. Wiki sita, siku baada ya siku. Akaanza kushikwa na tumbo, akatapika, akapauka. Unajua midomo ya watu. Chuo kizima kikasema ana mimba. Mlezi wa wasichana akampeleka kupimwa kwa nguvu, na majibu yalipokuja kwamba hana kitu, wengine wakasema ameitoa. Wakamrudisha kwao na mkoba mmoja. Nilikuwa mlangoni mwa karakana akipita, akaniaga kwa heshima, "Kwaheri Bwana Jotham, niombee," nami nikaitikia tu na kuendelea kufagia.

Mwishoni mwa Juni tumbo langu mimi likafunga, likakaza kama kamba ya ng'ombe. Nikadhani ni chakula. Halafu asubuhi moja nikainua mswaki, mkono ukakataa. Daktari wa hapa ni mtu mpole wa maswali mengi. Alinifunua mdomo akaona mstari wa buluu kwenye ufizi, akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia habari za betri, aliweka kalamu chini. Akasema yale madini ya betri ni sumu, huingia damuni na mifupani na kula mishipa ya fahamu. Nikamwambia, nikiwa bado najivunia ujuzi wangu, kwamba sisi karakanani tunakunywa maziwa kila siku ya kuondoa sumu. Akauliza tunayanywea chombo gani. Nikamwambia. Akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto, kwamba kitu kichachu kikikaa ndani ya chungu kilichong'arishwa hivyo hukitafuna na kuitoa ile sumu. Maziwa lala ni machachu. Ile tuliyoiita dawa ndiyo iliyokuwa ikitumaliza.

Barua yako ilinifikia Jumamosi. Ulianza kwa furaha, kwamba shemeji amesifu maziwa yako kwa kuwa hayanuki moshi kama ya kibuyu. Kisha ukaandika kuhusu Wekoye. Kwamba haendi choo siku tatu, nne. Kwamba analia bila sababu na kujikunja. Kwamba yale maneno aliyoanza kusema, "maji" na "kuku" na jina langu, ameyaacha yote, na mama anasema ni meno. Na ukamalizia kwamba umemwongezea maziwa lala ya kile chungu, vikombe viwili asubuhi na viwili jioni, apate nguvu.

Utaniuliza, Jumamosi mpaka Jumatatu, ulikuwa ukifanya nini? Nilikuwa nikiomba Mungu, dada. Niliomba majibu ya Nairobi yaseme ni ugonjwa mwingine wowote, hata kifua kikuu, ili nisilazimike kukuandikia. Leo yamesema ni ile sumu ya betri. Kemboi alikuja kunitazama Jumamosi ile ile na Jumapili pia, nami sikumwambia kitu. Siku mbili. Vikombe vinane. Nimevihesabu usiku na mchana na sioni pa kuvificha.

Lakini hilo si lote. Lingekuwa hilo tu ningesema nilikuwa mjinga, na mjinga husamehewa. Sikuwa mjinga. Niliambiwa.

Mwezi wa pili, vyungu vikiwa bado vina joto la tanuri, Mwalimu Wahu, ndiye mkuu wetu wa ufinyanzi, aliingia akavisifu, akauliza unga nimeupata wapi. Nilipomwambia, uso wake ulibadilika. Alisema vyombo hivi ni vya kutazamwa tu. Visitiwe chakula, hasa kitu kichachu, na visisogezwe karibu na mtoto. Akanipa msumari na kuniamuru nichore msalaba chini ya kila kimoja, ili yeyote atakayekigeuza ajue ni sumu. Nikachora yote kumi na viwili mbele ya macho yake. Akaondoka ameridhika, maana aliniamini.

Nilijiambia ni maneno ya vitabu. Nilijiambia mwalimu anaona wivu kwa kuwa sikujifunza darasani. Vyungu vitatu nikavisugua msalaba kwa msasa: cha jukwaani, cha karakanani, na chako.

Chako nilikisugua kwa sababu ya maneno ya watu. Unajua kwetu ufinyanzi ni kazi ya akina mama. Tangu nianze kazi hii kila nikija nyumbani wananiuliza kama nimeshajifunza na kusuka nywele. Mama mwenyewe alisema chungu cha mwanamume hakishiki maji. Uliponialika Aprili, kwenye sherehe ya mtoto, nilitaka nije na kitu kitakachowafunga midomo. Na ningewezaje kuleta zawadi yenye msalaba chini, kama kaburi? Shemeji alipokipokea alitania mbele ya wageni wote, akasema, "Hii ni ya maua bana, si ya kazi." Watu wakacheka. Mama akacheka kuliko wote. Unakumbuka nilivyosimama? Nikasema leteni maziwa. Nikamimina mimi mwenyewe. Nikasema mtoto lazima apate baraka kutoka kwa khocha wake, mjomba wa kwanza, nikamweka Wekoye gotini.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, kwa sababu sijamwambia mtu yeyote duniani. Nilipokiinua chungu kumpelekea mdomoni, vidole vyangu vilikuwa chini yake. Nikaugusa msalaba. Msasa haukuumaliza, mifereji yake ilikuwa bado pale, myembamba. Maneno ya Mwalimu Wahu yakanijia yote, hata sauti yake. Wageni walikuwa wakinitazama. Na mimi, dada, nikakiinamisha.

Alikunywa akacheka, ana ndevu nyeupe za maziwa. Wewe ukapiga vigelegele.

Nimemwambia daktari leo kuhusu mtoto. Amesema watoto huumizwa haraka kuliko watu wazima, na wakiwahiwa wengi hurudi sawa. Nilimuuliza na wasiowahiwa, akanisogezea kalamu. Kwa hiyo usingoje kesho wala siku ya soko. Funga mtoto mgongoni, uje na Kemboi leo hii. Mwambie shemeji nitamweleza mimi. Asipewe dawa ya miti na mama, wala maziwa zaidi, wala mtu yeyote asikuambie ni meno. Kimkwamishacho mtoto si meno, ni mimi.

Chungu nataka kifike kizima. Kitakwenda moja kwa moja mezani kwa Mwalimu Wahu, kigeuzwe chini juu, aone nilichofanya na alama yake. Yeye ndiye atakayeandika barua ya kwenda kwao Cheptoo, isomwe mbele ya wazazi wake na mbele ya kanisa lao, kwamba binti yao hakuwa na mimba wala hakuitoa, alikuwa na sumu yangu tumboni. Kazi nitafukuzwa, na pengine polisi wataitwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilificha ya wengine pamoja na yangu. Nitamwomba Kemboi ang'oe misumari ya madirisha akirudi, aombe ruhusa baadaye, na yeye na wenzetu wote walionywea kile chungu cha karakanani wapimwe damu.

Nisalimie mama, na umsomee barua hii yote, usiruke pale alipocheka, hakukosa kitu. Nisalimie shemeji. Majirani waambie nawakumbuka. Mungu awatangulie njiani, na mvua isiwakute Kiminini.

Nimesikia viatu vya Kemboi koridoni, kwa hivyo naacha. Dada, mkifika, ingia na mtoto mpaka kitandani kwangu. Sikuombi nimshike. Mweke tu mahali nitakapomwona, umuulize jina langu, nisikie kama atalisema.

Ni mimi ndugu yako mwenye aibu,

Jotham Walubengo