Mto Wetu Wagombewa Kariakoo

Basi kama ulivyobashiri, Dada Zuhura, mume wangu hasadiki kwamba Pemba yetu ina mto! Yeye amekulia kando ya Pangani, kwa hiyo hunicheka: "Huo mfereji, mpenzi."

Leo tulipokuwa tukinunua machungwa Kariakoo, nikamwita shahidi muuzaji, mama wa Kipemba.

"Mto upo, bwana. Unaitwa Vukoni."

"La, unaitwa Mafuoni!" nikaruka. "Ndiko tunakofulia."

"Nyinyi wa juu ya mto mnatuchafulia tu! Sisi wa chini twauvuka kwenda kuchuma karafuu."

Tukagombana kwa vicheko mpaka wateja wakatuzunguka. Mume wangu (anavyopendeza akicheka!) akasema mto unaoonewa wivu hivi lazima auone.

Nakuamkia kwa mapenzi. Mwezi mwingine hautaandama kabla hatujafika huko, nami nitamvusha mume wangu mto huo nimemshika mkono.

Mdogo wako, Salma