Nane Yenye Sifuri Mbele

Nyumbani kwa Baba,
Nyumba ya tatu kutoka darajani,
Jumapili, tarehe 18 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi. Hujambo huko uliko? Kile kifua ulichokuwa ukilalamikia kimepona, au bado unajitibu kwa kukipuuza, kama ilivyo desturi yenu wauguzi? Kunywa vitu vya moto na uvae soksi. Sisi huku hatujambo. Baba naye hajambo, isipokuwa goti na mtoto wa jicho, ambavyo vyote viwili anadai ni vya muda tu. Kifungo wako ni mzima kabisa. Ameota jino jingine la mbele, na hivi ninavyoandika amekaa chini ya meza yangu ya kushonea anavipanga vifungo kwa rangi, kazi iliyompa jina.

Nimeanza na uzima wa mwanao makusudi, ili yaliyobaki uyasome ukiwa umekaa vizuri. Nilipokupigia simu wiki ile nilikwambia maji yameingia ndani, magodoro yamelowa, lakini watu wote tuko salama. Hayo ni kweli tupu. Ila kuna jambo nililimeza, na limenikaa kooni mpaka leo. Kwa simu lisingetoka, labda kwa kalamu.

Unayakumbuka mafuriko ya mwaka ule, yaliyotukuta hatuna habari yakabeba na jiko. Baada ya yale waliweka nguzo ya vipimo kule juu mtoni, na kila mtaa ukachagua mjumbe wa tahadhari. Maji yakipanda huko juu, ofisi humtumia mjumbe ujumbe kwenye simu, naye hupita nyumba kwa nyumba na kipaza sauti. Mjumbe wa mtaa wetu ni mimi. Walinichagua kwa sababu ya sauti, na wewe umekuwa ukisema tangu utotoni kwamba sihitaji kipaza. Nikapewa na kizibao cha manjano chenye mistari ya kung'aa. Nilikipunguza mabega, maana kilishonwa ovyo, na nakiri nilivimba kichwa kidogo.

Siku ile ujumbe uliingia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ulisema maji yatafika mtaa wa chini saa 08:00, watu wahamie juu. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu. Tarakimu za namna hiyo naziona kwenye simu yangu kila siku, na nazigeuza bila hata kufikiri. Lakini safari hii neno "saa" lilikuwa limetangulia, na ulimi wangu ukasoma saa nane. Kwa kuwa nane ya usiku ilishapita, nikaongeza "mchana" kutoka kichwani mwangu. Neno hilo halikuwamo kwenye ujumbe. Ni langu mimi.

Nikapita mtaa mzima nikitangaza saa nane mchana. Watu walinishukuru, wakateleka chai. Fundi viatu wa nyumba ya pembeni akaniuliza kama anaweza kufua kwanza, nikamwambia hata kupiga pasi utawahi. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikamvalisha Kifungo sare, nikamwambia wakiruhusiwa saa sita aje moja kwa moja, asizurure. Shule yake unaijua ilipo, ng'ambo ya daraja, chini kabisa, ukuta wake unagusana na mto. Mimi mwenyewe ndiye niliyemtuma huko. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuthubutu kuiweka hapa.

Baba alikuwa kwenye kiti chake anaitia saa yake ufunguo. Nikamsimulia kazi yangu ya asubuhi. Unamjua Baba: ukuu wa stesheni haujamtoka mpaka leo, nasi tumemcheka kwa hilo maisha yetu yote. Ndiye aliyefika kwenye harusi yangu kabla ya viti. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Wameandikaje?" Nikamjibu, saa nane.

"Sikukuuliza umesomaje. Nisomee tarakimu, moja moja."

Nikasoma: sifuri, nane, sifuri, sifuri.

Akasimama bila fimbo. "Nane yenye sifuri mbele ni ya asubuhi, mwanangu. Ni saa mbili hii. Hiyo nane yako ya mchana wangeiandika kumi na nne. Kwenye reli siku ina nane moja tu."

Ilikuwa saa moja kasoro dakika ishirini. Nikampigia karani wa ofisi ya tahadhari, naye akajibu kama mtu asiyeamini anachoulizwa, "Saa mbili, dada. Kwani bado mko huko chini?" Watu husema maji yamewafika shingoni. Mimi yalinifika siku hiyo kabla mto wenyewe haujafika.

Baba akaninyang'anya kipaza sauti. "Wewe shuleni, mimi mtaani," akasema. Nikatoka mbio na kandambili zangu, moja ikabaki darajani.

Ya mtaani nilikuja kusimuliwa baadaye. Baba alisimama getini akatangaza kwa sauti ile ile ya stesheni: kuondoka ni saa moja na nusu kamili, mizigo ni ya mkononi tu, na hakuna atakayesubiriwa. Watu wakacheka kwanza. Kisha fundi viatu akasema, "Jamani, huyu mzee hajawahi kukosea hata dakika," akaiacha ndoo ya nguo pale pale na povu lake. Ndiye aliyebeba kichwa cha cherehani yangu begani mpaka hospitali ya juu. Tangu siku hiyo ananiita Bi Pasi, na sina pa kukimbilia.

Shuleni niliwakuta watoto mstarini. Nilimfuata mwalimu mkuu mbele yao wote, nikamwambia, "Mwalimu, nimetangaza vibaya. Ni saa mbili, si saa nane." Nilijiandaa kwa maswali. Hakuuliza hata moja. Aliwaambia kila mmoja amshike wa mbele yake shati, akawahesabu, na mstari ule ukavuka daraja na kupanda mpaka hospitali, akawahesabu tena. Kifungo aliponiona na kandambili moja aliniuliza, "Mama mkubwa, kwani saa nane imeshafika?" Nilimshika mkono mpaka akalalamika namuumiza.

Maji yaliingia saa mbili na dakika kumi na moja. Tuliyaona tukiwa kwenye baraza ya hospitali, rangi ya chai ya maziwa, yakitanda juu ya uwanja ule ule ambapo watoto walikuwa wamesimama mstarini. Mtaa mzima ulikuwa pale juu. Tulihesabiana, hakuna aliyekosekana. Nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha bila kuona haya. Baba akamwomba Kifungo amsomee saa ya mkononi, kisha akanung'unika kwamba maji yamechelewa dakika kumi na moja.

Nilitaka kukupigia hapo hapo. Baba akanikataza. Kumbe ile saa ya pili anayoivaa mkono wa kulia, tuliyokuwa tukiicheka, inafuata saa za huko ughaibuni uliko, na Kifungo humsomea zote mbili. "Huko amelala," akasema. "Mtoto ni mzima, mwache na mama yake alale."

Baadaye nilikirudisha kipaza sauti ofisini. Karani akaniambia wajumbe wawili wa mitaa mingine nao walisoma nane, wakaokolewa na simu alizowapigia baada ya yangu. Sasa ujumbe unakuja kwa maneno matupu, hakuna tarakimu hata moja. Kipaza nimerudishiwa. Majirani walikwenda wenyewe kuniombea, wakiongozwa na fundi viatu, kwa sharti kwamba kila ujumbe Baba ausikie kwanza.

Basi mtaa umenisamehe, ila wewe sijakuuliza bado. Ulimwacha mwanao mikononi mwangu, nami nikamtuma kwenye maji na mkoba mgongoni. Ukiona ni heri akakae kwa shangazi yake, andika tu. Nitazipanga nguo zake mwenyewe na sitanuna. Lakini na mimi niseme la moyoni: naomba abaki.

Wasalimie wauguzi wenzako, hasa yule jirani yako anayekupikia ukitoka kazini umechoka. Baba anakusalimu sana, na anauliza kama unafika zamu kwa wakati. Fundi viatu na mwalimu mkuu nao wanakusalimu. Mungu akulinde zamu ya mchana na ya usiku, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko nijuavyo kusema,
Mama mkubwa wa Kifungo.

Kifungo ameniomba kalamu. Haya hapa chini ni ya kwake, sijagusa kitu.

Mama, mimi sikuogopa. Nataka kukaa hapa hapa kwa sababu Babu hawezi kusoma saa peke yake. Siku ukijua unarudi lini usiandike namba. Andika kwa maneno, Mama mkubwa asije akakosea.