Kichwa cha Tatu

Alhamisi, Oktoba 1998

Nimesuka vichwa vitatu leo! Mgongo unaniuma, na bado natabasamu. Nilipokuwa nikipanda mabasi mawili kwenda saluni Silver Spring, huku Marekani, nilisuka viwili tu nikawa hoi. Tangu kituo kipya cha treni kifunguliwe hapa jirani, nafika mapema, vidole vikiwa na nguvu.

Mume wangu na tasnifu yake ya uchumi: eti faida ya miundombinu haionekani haraka, lazima usubiri miaka. Ananiudhi!

Jioni nikamwekea mikono mezani. “Vidole ni vilevile kumi, Baba Neema. Kilichobadilika ni reli.”

Akafungua tasnifu yake. Kisha akachukua kalamu, akauliza kwa upole, “Mama Neema, kichwa kimoja kinachukua masaa mangapi?”

Nikamwambia avute kiti.