Begi la Tuhfa Lililoungua kwa Udi

Barabara ya Kumi na Mbili,
Ngamiani, Tanga.
20 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Sabiri,

Assalaam aleikum. Shikamoo uliyompa mwenzio Hija alipokuja likizo imefika, marahaba sana. U hali gani huko Maskati? Kile kifua kimepoa, au bado unalala na kiyoyozi usoni kama samaki wa barafu? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua, ulimi haumsumbui hata kidogo. Mkeo Saleha mzima, na binti yako Tuhfa amerefuka mpaka sare ya shule inamkimbia.

Uliuliza kwenye simu umtumie Tuhfa begi gani jingine. Nimeona nikuandikie, Hija akirudi akupe mkononi, uingie na karatasi hii dukani. Kwenye simu wewe utasema "sawa dada, sawa dada", kisha ulete lile lile.

Mwenzangu, mambo yamebana. Unajua mwanao ndiye mdakaji wa timu ya besiboli ya shule. Huchuchumaa nyuma ya mpigaji, kofia ya wavu wa chuma usoni, kinga kifuani na miguuni, akadaka mipira ambayo mimi ningeikimbia. Vifaa ni vya shule, yeye kakabidhiwa tu. Begi lilipokufa akawa anavitia kwenye kiroba cha sembe, anakifunga nyuma ya baiskeli. Juzi kiroba kikachanika njiani pale Nguvumali, kinga ya mguu ikadondoka bila yeye kujua. Tuliitafuta mpaka magharibi. Tukaikuta kwa muuza kahawa, anapepea nayo mkaa.

Mwalimu Lea wa timu yao ni mpole, ila hapo kakasirika. Kasema vifaa vilale shuleni mpaka mtoto apate begi la maana. Sasa jioni hana cha kufanyia mazoezi, na mwalimu atachagua mdakaji wa kwenda mashindano ya Dar kabla ya mfungo wa Ramadhani. Mwenzie mmoja, Wanu, anaimezea mate nafasi ile. Tuhfa anakaa tu anachezea chakula. Roho inaniuma kumwona vile.

Na lile begi ulilotuma lilikufaje? Saleha kakuficha, mimi sikufichi. Magurudumu yalizibwa na mchanga wa barabara zetu, tukasema si neno, atalibeba. Zipu ya chuma ikaliwa na hewa ya chumvi, tukaishonea vifungo. Aliyelimaliza ni Mama. Alisema mjukuu wake hapiti mtaani ananuka jasho, watu waseme nyumba hii haina wanawake! Akatia udi kwenye chetezo, akalifunika begi juu yake kama anavyofukiza kanga zake, akaenda kuswali Alasiri. Nailoni ile, Sabiri! Aliporudi begi halina kitako, na nyumba nzima inanuka plastiki. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakucheka. Alisuka ukili akaziba tundu, na Tuhfa akalibeba hivyo hivyo na kiraka cha mkeka, wala hakuona haya, mpaka kiraka nacho kikang'oka.

Basi sikiliza. Magurudumu usiyaguse. Tafuta turubai nene, lenye kitako kigumu kisichonywa maji, maana uwanjani mvua ikinyesha ni tope tupu. Zipu iwe ya plastiki, meno makubwa. Liwe na vitundu vya kupumulia, jasho litoke lenyewe na Mama asipate sababu. Mikanda iwe miwili ya mgongoni, mipana, na uitazame ilivyoshonwa pale inapoungana na begi, ndipo yanapochanikia yote. Ndani iingie dhiraa moja na nusu kwa urefu. Pima kwa mkono wako. Rangi usihangaike nayo, ila nyeupe hapana, kufua nitafua mimi.

Ukishalipata, litie mchele liwe zito kama lina vifaa, livae, zunguka nalo dukani. Muuzaji akishangaa, mwache ashangae. Likikukata bega wewe, litamkata na mtoto.

Sasa la moyoni. Usimpe mtu alilete. Idd zote hizi tumeona zawadi zako, wewe hatukuoni, na binti yako hujamwona akidaka hata mpira mmoja. Nilimuuliza anataka begi la rangi gani, akaniambia, "Yoyote, shangazi, baba akija nalo." Nikajifanya naangalia chungu jikoni. Omba ruhusa, mdogo wangu. Njoo Shaaban ikiingia, mwalimu hajachagua bado, na jungu la kuupokea mfungo tulivunje pamoja. Begi likitoka Maskati mpaka Ngamiani mgongoni mwako, hapo nitaamini ni imara.

Saleha anakusalimu, na majirani wote wa barazani. Wasalimie wenzio mnaokaa nao. Mungu akupe afya, akulainishie moyo wa huyo tajiri yako akuachie.

Mama naye salamu zake ni hizi: ameapa begi jipya hatalifukiza. Udi uliobaki kaufungia kabatini, na anasema huo ni wa kumfukiza mwanawe, siku atakapoingia mlangoni nalo.

Dada yako akupendaye na kukusubiri,
Najat