Tundu la Kurudia

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za nyumbani, acha nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: huku shuleni naogopa neno moja dogo, na neno lenyewe ni "via".

Mgongo unaendeleaje? Machungwa yametoka? Mimi mzima, ila mimi na baridi ya Iringa bado hatujazoeana.

Via, Mama, ni tundu jembamba lililopakwa shaba ndani. Bodi ya umeme ya kamera, tunayoichora kwenye klabu ya sayansi ili kiwanda kitutengenezee, ina tabaka juu ya tabaka, kama chapati kwenye sahani, na njia ya umeme ikitaka kushuka tabaka la chini hupita kwenye tundu hilo. Nilipolisoma neno hilo mara ya kwanza mbele ya wenzangu, nililisoma kwa Kiswahili, kama lile la kwenye Baiolojia. Walicheka mpaka wengine wakainamia meza.

"Zaina, hivyo ni via vya uzazi?" aliuliza Baraka, kiongozi wa kundi letu. Tangu hapo sijafungua mdomo klabuni.

Sasa bodi imegoma. Kamera ikituma picha polepole, picha safi. Ikituma kwa kasi, inakuja mistari mitupu. Tumepima kila tundu kwa mita na mita inalia, yaani umeme unapita. Unapita, halafu haupiti! Baraka anasema kosa ni la kiwanda, tuagize ileile. Pesa iliyobaki ni ya kuagiza mara moja tu. Ikigoma tena, maonyesho ya sayansi hatuendi.

Kitabu kinasema umeme ukienda lazima urudi, na ukiwa na kasi hupenda kurudi chini ya njia ileile uliyoendea. Nikakukumbuka ulivyopeleka machungwa Handeni, daraja likakatika nyuma yako, ukazungukia Kabuku na Segera ndipo ukarudi nyumbani Korogwe. Bibi alikuwa ameshaanza kulia. Nikautazama mchoro wetu: njia inashuka kwenye via, lakini kando yake hakuna tundu la kurudia. Ndiyo sababu? Mbona ukienda polepole haujali kuzunguka? Na unajuaje kwamba una haraka? Sielewi, Mama.

Msalimie Bibi, na Hiza anayenilishia kuku. Mama mkubwa wa Mpale mwambie maharage yake yameliwa na bweni zima.

Hapa kengele ililia, nikaiacha barua nikaenda klabuni; sasa nimerudi, naimalizia. Baraka alikuwa ameshafungua barua pepe atume mchoro kiwandani, na mwalimu wa klabu amesimama nyuma yake. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, sijaelewa. Umeme ukishuka kwenye hii via, unarudi wapi?"

"Haya, daktari wa uzazi," Baraka akasema.

Mwalimu hakucheka. Aliusogelea mchoro, akamwambia Baraka asitume kwanza. "Hebu onyesha," akaniambia.

Nikachukua penseli. Nikachora tundu la pili kando ya lile la kwanza, la umeme kurudia.

Mwanao,
Zaina